Pesa za kuimarisha mitaro na barabara za jiji dhidi ya mafuriko: jinsi ya kuzitafuta Uganda

Majiji na manispaa nyingi za Uganda huanza kutafuta pesa za mitaro mafuriko yakishaua watu au kukata barabara. Kwa wakati huo michoro haipo, vipimo havipo, wenye ardhi hawajafidiwa na mwaka wa fedha umeshafika katikati. Kinachopatikana kwa haraka huishia kwenye vifusi na mifuko ya mchanga, na msimu unaofuata maji hupita palepale.

Mwongozo huu ni wa mhandisi wa jiji, afisa mipango, mweka hazina na diwani wanaotaka kazi moja ifadhiliwe, ijengwe na idumu. Mfano wetu ni mtaro wa maji ya mvua na kalavati lake (njia ya maji inayopita chini ya barabara), kwa kuwa huko ndiko Kampala, Mbale na Kasese zinakoumia zaidi. Kwa daraja dogo au barabara ya mtaa, njia ni ileile.

Chagua kipande kimoja, ukipime

Andiko linaloomba pesa za "kuboresha mifereji ya jiji" halifiki mbali, kwa sababu anayelisoma hajui ananunua nini. Chagua kipande chenye mwanzo na mwisho: kwa mfano mita 400 za mtaro kutoka soko hadi ukingo wa ardhi oevu, pamoja na sehemu inayopita chini ya barabara. Kisha tafuta namba nne: ukubwa wa eneo linalomwaga maji pale, mteremko, kiasi cha ardhi iliyofunikwa kwa mabati, lami na saruji, na nguvu ya mvua kwa saa.

Data ya mvua iombe kwa idara ya hali ya hewa kwa barua rasmi ya Karani wa Jiji, na uombe rekodi ya miaka mingi kadiri inavyopatikana. Kwa mito kama Nyamwamba wa Kasese au Nabuyonga wa Mbale, vipimo vya kina cha maji viko kwa kurugenzi ya rasilimali za maji, Entebbe. Barua hiyo ipelekwe mapema, maana michoro ikianza bila data, mchoraji hubuni namba, na mfadhili huligundua hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa hesabu.

Hesabu ya awali si ngumu. Zidisha 0.278 kwa kipeo cha utiririkaji (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi), kwa nguvu ya mvua (milimita kwa saa), kwa eneo (kilomita za mraba). Mtaa uliojengeka wa hekta 50 (kilomita za mraba 0.5), kipeo 0.7 na mvua ya milimita 80 kwa saa, hutoa karibu mita za ujazo 7.8 kwa sekunde. Bomba la zege la milimita 900 kwenye mteremko wa asilimia 1, likiwa safi, hupitisha takriban 1.6. Likijaa tope hadi nusu halipitishi nusu ya hiyo. Hupitisha kama theluthi tu, kwa kuwa maji yanabaki na nafasi finyu na kuta nyingi za kusuguana nazo. Kwa hiyo barabara yenye mabomba mawili ya 900 mahali panapohitaji mita za ujazo 7.8 itafurika hata mvua isipobadilika. Hesabu hiyo ya nusu ukurasa iwekwe mwanzoni mwa faili.

Tenganisha gharama ya kawaida na ya tabianchi

Sehemu hii ndiyo inayoamua utapata pesa au hutapata, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Chukua kipande kilekile. Kwa mvua ya leo, boksi kalavati, yaani kalavati la zege la umbo la sanduku, lenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.75 linatosha: maji yakifika usawa wa dari mdomoni, hupitisha karibu mita za ujazo 7.9. Sasa ongeza asilimia 20 kwa ajili ya mvua kali zinazotarajiwa, unahitaji 9.3. Boksi la mita 2 kwa 2 hupitisha karibu 9.6. Kama kuta, sakafu na dari zina unene wa sentimita 25, boksi la kwanza linakula mita za ujazo 2.125 za zege kwa kila mita ya urefu, na la pili 2.25. Tofauti ni asilimia 6 ya zege. Kwa mita 400 ni mita za ujazo 50, ukiongeza nondo na uchimbaji wa sentimita 25 zaidi. Uwezo wa kupitisha maji umepanda kwa zaidi ya asilimia 20.

Hiyo tofauti ndiyo gharama ya tabianchi. Mfuko wa tabianchi ukikuuliza "ongezeko linalotokana na tabianchi ni lipi?", jibu lako ni safu mbili za orodha ya vipimo na bei, moja ya boksi la kawaida na nyingine ya boksi kubwa, zilizokadiriwa na mhandisi mmoja kwa bei za siku moja.

Hapo kuna jambo la pili la kuzingatia. Ukikumbuka tabianchi wakati mchoro bado uko mezani, unalipa kidogo. Ukikumbuka baada ya boksi dogo kufukiwa na lami kuwekwa juu, unavunja kila kitu na kuanza upya. Kwa sababu hiyo, pesa rahisi kuliko zote ni zile zilizokwisha kupangwa kwa barabara na mitaro: ingia kwenye mchoro wake kabla haujasainiwa. Jiji linalokimbilia mifuko ya nje huku wakandarasi wake wakiendelea kufukia mabomba ya milimita 600 linajipotezea muda.

Uwe mkweli kuhusu chanzo cha mafuriko. Kampala hufurika pia kwa sababu ardhi oevu za Nakivubo na Lubigi zimejazwa udongo na kujengwa, na kwa sababu mitaro imejaa kavera (mifuko ya plastiki) na chupa za plastiki. Wakaguzi wa mifuko wanalijua hilo. Andika waziwazi kipi ni cha mvua, kipi ni cha ujenzi holela na kipi ni cha taka, kisha useme jiji litafanya nini kwa pesa zake kuhusu hivyo viwili vya mwisho. Andiko linaloibebesha tabianchi lawama zote hurudishwa.

Gawa kazi katika mafungu manne

Usitafute mfuko mmoja wa kulipia yote. Fungu la kwanza ni maandalizi: upimaji wa ardhi, uchunguzi wa udongo, michoro na tathmini ya athari kwa mazingira. La pili ni ardhi na kuhamisha mabomba ya maji, nguzo za umeme na nyaya za simu. La tatu ni ujenzi. La nne ni matunzo ya kila mwaka. Kila fungu lina mlipaji wake, na la pili na la nne karibu kila mara hurudi kwa jiji au kwa serikali kuu. Ukiyaficha ndani ya ujenzi, mfadhili atayakata na kazi itasimama njiani.

Fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Waraka wa kwanza wa bajeti kutoka Wizara ya Fedha hutoka Septemba, na mikutano ya mashauriano na serikali za mitaa hufuata. Hati ya mfumo wa bajeti ya taifa hufika Bungeni ifikapo Desemba 31, makadirio kamili Aprili 1, na Bunge huidhinisha kabla ya Mei 31. Ukiwaza kuhusu mtaro mwezi wa Machi, jua umekosa mwaka mzima.

Kwa hiyo michoro ya awali na makadirio viwe tayari Agosti. Septemba na Oktoba kazi ipite kamati ya wataalamu ya jiji, kisha kamati ya baraza. Hakikisha imo kwa jina katika mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa jiji, na kwamba unaweza kuonyesha ukurasa wa Mpango wa Nne wa Taifa wa Maendeleo (2025/26 hadi 2029/30) unaohusiana nayo. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 inazitaka serikali za mitaa ziingize hatua za tabianchi katika mipango yao. Diwani anayetaka kuibana bajeti ana sheria ya kusimamia.

Mradi mkubwa unaotaka pesa za maendeleo za serikali kuu lazima upite Kamati ya Maendeleo ya Wizara ya Fedha hatua kwa hatua: wazo, wasifu, upembuzi wa awali na upembuzi yakinifu. Kila hatua ina fomu zake, na mradi ukikwama kwenye wasifu hauendi popote hata waziri akiupenda.

Pesa zilizo karibu

Ruzuku ya maendeleo ya DDEG, ambayo serikali kuu huzipa serikali za mitaa, inafaa kwa fungu la kwanza na kwa vipande vifupi. Kiwango chake kinategemea pia matokeo ya tathmini ya utendaji inayosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo kumbukumbu za manunuzi, mazingira na malalamiko ya wananchi zina thamani ya shilingi halisi. Pesa za matengenezo ya barabara, zikiwemo zile shilingi bilioni 1 ambazo serikali ilianza kutuma kwa kila wilaya mwaka wa fedha 2023/24, zinaweza kubadilisha makalavati yaliyoziba njiani. Hapo ndipo mhandisi anapoweza kuweka 900 badala ya 600 bila kumwomba mtu.

Kwa ujenzi mkubwa, njia iliyopitisha pesa nyingi kuliko zote ni programu za Benki ya Dunia zinazolipa kwa matokeo. USMID, programu ya miundombinu ya miji, ilianza mwaka 2013 kwa manispaa 14 na baadaye ikapanuliwa, ila sasa imeshamalizika. Kampala Kubwa ina programu yake ya maendeleo ya mji, GKMA-UDP, iliyoidhinishwa 2022, inayohusisha KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) pamoja na Wakiso, Mukono, Mpigi na manispaa zake kama Kira, Nansana na Entebbe. Programu za aina hii hupima kwanza kama jiji lina mpango wa matumizi ya ardhi, linakusanya mapato yake, lina maafisa wa mazingira na jamii, na linamaliza manunuzi kwa wakati. Jiji lisilo na afisa wa mazingira aliyethibitishwa kazini hupoteza alama hata kama mitaro yake ndiyo mibovu kuliko yote.

Ruzuku ya LoCAL, ya tabianchi kwa serikali za mitaa, chini ya UNCDF, mfuko wa Umoja wa Mataifa, imeundwa hasa kulipia tofauti kama ile tuliyoipigia hesabu. Huongezwa juu ya ruzuku ya kawaida, na hutolewa kwa kupima utendaji. Nchini ilianzia wilaya za Kasese, Kitgum, Nwoya na Zombo. Mwenye safu mbili za bei ameshafanya nusu ya kazi yake.

Mapato ya ndani ni haba lakini ndiyo yanayowashawishi wengine. Kodi ya majengo inaruhusiwa kisheria hadi asilimia 12 ya thamani ya pango la jengo. Kampala hutoza 6. Nyumba anayokaa mwenyewe haitozwi. Kinachopunguza mapato mara nyingi ni orodha ya uthamini iliyochakaa. Kuihuisha ni gharama, ila hurudi haraka kuliko kodi mpya.

Mikopo tusiitegemee sana. Sheria ya Serikali za Mitaa inaweka kikomo cha asilimia 25 ya mapato ya ndani. Jiji linalokusanya shilingi bilioni 4 haliwezi kukopa zaidi ya bilioni 1, na hiyo haimalizi mtaro wa maana.

Mifuko ya tabianchi ya nje

Mfuko wa Kijani wa Tabianchi (GCF) haupokei maombi moja kwa moja kutoka kwa jiji. Unahitaji taasisi yenye ithibati itakayobeba mradi, na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mamlaka iliyoteuliwa na nchi, ambayo hapa ni Wizara ya Fedha. Utaratibu wake mwepesi hutoa hadi dola milioni 25 kwa mradi, na kuna dirisha la maandalizi linalofika dola milioni 1.5. Kwa Mfuko wa Kukabiliana na Tabianchi (Adaptation Fund), Wizara ya Maji na Mazingira yenyewe ina ithibati, kwa hiyo anza kwao.

Jiji moja lenye mtaro wa mita 400 ni dogo mno kwa GCF. Unganeni. Mbale, Kasese na Fort Portal zote zina mito inayoshuka kwa kasi kutoka milimani. Andiko moja la miji ya miteremko lina mantiki ya tabianchi iliyo wazi na ukubwa unaomvutia mwenye ithibati. Kubalianeni mapema nani ataweka hesabu na nani ataongoza, kwa maandishi, maana ugomvi wa nani ni mwenyeji ndio unaoua maandiko ya pamoja. Tegemeeni miaka, si miezi.

Kabla ya hapo, mfuko wa City Climate Finance Gap Fund, unaoendeshwa na Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, husaidia miji kwenye hatua za mwanzo: uchambuzi na upembuzi wa awali. Haujengi kitu, na ukiuomba ujenzi utakataliwa.

Ardhi

Hapa ndipo miradi mingi ya mitaro Uganda inapokwama. Katiba, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla mtu hajanyang'anywa mali yake, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisisitiza hilo katika kesi ya Irumba dhidi ya mamlaka ya barabara. Wafadhili wengi hawalipii ardhi.

Boksi la mita 2 lina upana wa nje wa mita 2.5. Ongeza nafasi ya kufanyia kazi, walau mita 1 hadi 1.5 kila upande, na njia ya mita 3 ya mtambo wa kuchimba tope upande mmoja. Unahitaji ukanda wa mita 7.5 hadi 8.5. Michoro inayoonyesha boksi tu bila njia ya mtambo huzaa mtaro usiosafishika milele, na baada ya miaka mitatu unarudi kwenye bomba lililojaa nusu.

Katika maeneo ya mailo, mfumo wa umiliki wa ardhi wa Buganda, kiwanja kimoja kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati na mwenye kibanja, yaani mkaaji anayeitumia ardhi hiyo. Wote wawili waandikishwe, na mgawanyo wao ukubaliwe kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji au mtaa), kabla ripoti haijapelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Mazao na majengo ya muda hufuata viwango vya bodi ya ardhi ya wilaya, ambavyo hupitiwa kila mwaka. Viwango vya zamani vikitumika, ripoti hurudishwa. Posho ya usumbufu ni asilimia 15 kama notisi ya kuhama ni ya miezi sita au zaidi, na asilimia 30 kama ni fupi. Kwa fidia ya shilingi milioni 600, kuchelewa kutoa notisi kunakugharimu milioni 90 za bure. Tangazeni tarehe ya mwisho ya kuorodhesha mali na kupiga picha kila jengo siku hiyo, la sivyo vibanda vipya huota usiku.

Angalia pia kingo za mito na maziwa. Kanuni zinatenga mita 100 kwa mito mikubwa, mita 30 kwa mingine, na mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria. Kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kiombwe michoro ikiwa bado rasimu.

Zabuni na majira ya mvua

Kusini mwa nchi mvua huja Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Kaskazini huwa na msimu mmoja mrefu. Pesa za robo ya kwanza hutoka Julai. Zabuni ikianzishwa hapo, mkandarasi huingia shimoni Oktoba, maji yakiwa kiunoni. Anza taratibu za manunuzi mapema, mpango wa manunuzi ukishaidhinishwa, ili mkataba usainiwe mara pesa zinapofunguliwa na uchimbaji ufanyike Julai na Agosti au Januari na Februari. Kumbuka kwamba pesa zisizotumika hadi Juni 30 hurudi hazina.

Jenga kutoka chini kwenda juu, yaani kutoka maji yanapoishia. Wanasiasa hupenda kuanza sokoni kwa kuwa ndiko kunakoonekana, lakini boksi kubwa likimwaga kwenye bomba dogo la chini, mtaa wa chini unapata mafuriko ambayo haukuwa nayo. Barabara ya Kampala kwenda Masaka ilipokatika kwenye mto Katonga Mei 2023, magari yalilazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule. Sehemu moja dhaifu ilisimamisha njia nzima.

Kwenye mkataba, kipindi cha dhamana ya kasoro kivuke angalau msimu mmoja mzima wa mvua kubwa. Mdomo na mkia wa kalavati uwe na sakafu ya mawe na ukuta wa gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), na viandikwe kwenye orodha ya bei kama vipengele vinavyojitegemea. Visipoandikwa peke yake, ndivyo vya kwanza kuachwa pesa zikipungua, na kalavati huanza kuchimbwa kwa chini.

Fungu la nne

Mtaro wa kilomita 1, upana mita 2, wenye tope la sentimita 40, una mita za ujazo 800. Likichimbuliwa hufura kwa kama asilimia 20, kwa hiyo tipa la mita za ujazo 7 litafanya safari zaidi ya 130. Andika bajeti kwa safari, mafuta na saa za mtambo, mara mbili kwa mwaka kabla ya kila msimu. Tope likirundikwa ukingoni kwa kuwa bajeti haikuwa na matipa, mvua ya kwanza hulirudisha ndani. Mahali pa kulimwaga pathibitishwe mapema, na jalala lolote litakalolipokea likaguliwe uimara wake, hasa baada ya maporomoko ya jalala la Kiteezi, Kampala, ya Agosti 2024.

Kwenye ukuta wa kila mdomo wa kalavati paka rangi kipimo cha sentimita 10 kwa 10 kuanzia sakafuni. Msimamizi wa divisheni apige picha ya kipimo hicho kila mwezi na baada ya kila mvua kubwa, akiandika tarehe na kimo cha tope. Likifika sentimita 30 kwenye boksi la mita 2, mtambo uitwe. Picha za miezi 12, pamoja na risiti za mafuta, zibandikwe nyuma ya ombi la bajeti ya mwaka unaofuata na nakala ipelekwe kwa aliyefadhili ujenzi.